Hisa, Pilau na Besi: Safari ya Kibiti na Delta ya Rufiji

Wengi wanaokwenda Lindi na Mtwara wanaijua Kibiti kupitia dirisha la basi. Gari linasimama, vijana wanalikimbilia na vifuko vya korosho, machungwa yaliyomenywa na mayai ya kuchemsha, abiria ananunua, gari linaondoka. Upande wa mashariki wa barabara hiyo kuna msitu wa mikoko ambao kwa kipande kimoja hauna mkubwa wake katika pwani yote ya Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Kuna visiwa vyenye shule, misikiti na mashamba ya mpunga. Kuna watu ambao tangu zamani hawafanyi jambo kubwa bila kukusanyika, kuchanga, kupika na kupiga ngoma. Nimetoka huko juzi, na natamani wengi zaidi washuke kwenye basi.

Kilichonipeleka ni mwaliko. Dada mmoja niliyesoma naye sekondari, mzaliwa wa delta aliyeolewa Kibiti, ni mwekahazina wa kikundi cha VICOBA. Kikundi chao kilikuwa kinafunga mzunguko, na siku ya kugawana hisa hupikwa chakula cha mchana na kualikwa mgeni rasmi. Kwa kawaida mgeni huyo ni diwani au ofisa maendeleo ya jamii. Safari hii wanachama walikubaliana kumwita mwanamuziki mstaafu, mtoto wa Rufiji, aliyepiga gitaa la besi katika okestra za Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya maisha yake. "Njoo siku chache kabla," yule dada aliniambia kwenye simu, "uone kwanza tunakotoka. Ukila kabla hujaona, utakuwa umekula tu."

Bungu

Nilitoka Dar es Salaam alfajiri ya Jumatano moja ya Julai, kipupwe kikiwa bado kinauma. Kutoka Mbagala hadi Vikindu nyumba hazikatiki, mji umeimeza barabara. Baada ya Mkuranga ndipo macho yanapata nafasi. Ardhi ni ya kichanga, inayopendwa na mkorosho, na mwezi huo mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua. Chini ya miembe wanawake walikuwa wamepanga machungwa mafungu kwa mafungu, ya kijani kwa nje na matamu ajabu kwa ndani. Jaribu ndipo unapoingia Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010, na mbele yake ni Bungu, ambako njia ya kwenda baharini inachepuka kushoto.

Nililala Bungu kwa sababu ya hadithi moja ambayo kila nikipita huku nataka kuisimulia. Si mbali na Kibiti kuna mahali panaitwa Mkukutu. Katika miaka ya 1990 mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimbua huko, na miongoni mwa alivyovipata ni shanga za kioo za kale, za asili ya dunia ya Kirumi. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki kiitwacho Periplus, cha karibu miaka 2,000 iliyopita, kinataja soko la Rhapta mahali fulani kwenye pwani yetu, na Chami ni mmoja wa wanaoamini kwamba soko hilo lilikuwa pande hizi za Rufiji. Shanga ni kitu kidogo, unaweza kuificha chini ya ukucha. Hata hivyo inatosha kumjibu anayedhani kwamba watu wa hapa walikuwa wamekaa kimya mikokoni wakisubiri dunia iwagundue. Walikuwa na wageni, walikuwa na soko, na penye soko watu hula pamoja.

Nyamisati

Asubuhi iliyofuata nilifika Nyamisati maji yakiwa yanapwa. Gati limejaa watu wa Mafia wanaovuka kwenda Kilindoni, lakini sisi tulikuwa na mashua yetu ndogo upande wa pili, penye matope. Mjomba wa mwenyeji wangu, nahodha wa siku nyingi, alipokea shikamoo yangu bila kunitazama, macho yake yakiwa kwenye maji. "Marahaba mwanangu. Kaa katikati, tusubiri kidogo. Mto huu hauendeshwi kwa saa ya mkononi."

Wakati tunasubiri nilitazama mnada wa kamba. Wavuvi wanamwaga ndoo kwenye turubai, wachuuzi wanachutama kuzunguka, kila mmoja anachambua kwa vidole: wakubwa huku, wadogo kule, waliokwisha kulegea kichwa wanatengwa. Mwanamke mmoja alichukua kamba mmoja, akamkunja, akamwachia. Kamba akajikunjua. "Huyu bado mbichi," akasema, na bei ikakubalika papo hapo. Kamba wa Rufiji wana jina hadi kwenye hoteli za mjini, na chanzo chake ni mikoko hii: vifaranga vya kamba hukulia kwenye maji ya vuguvugu katikati ya mizizi kabla ya kutoka baharini. Anayekata mkoko bila mpango anapunguza samaki na kamba wa mwaka ujao, na wavuvi wa Nyamisati wanalijua hilo vizuri kuliko wengi wanaowahutubia.

Maji yalipoanza kujaa tukaingia deltani.

Mto Rufiji ni mkubwa kuliko mito yote ya Tanzania. Kilombero na Luwegu hukutana na kuuzaa, Ruaha Mkuu unaongezeka njiani, na ukikaribia bahari unagawanyika mikono mingi: Simba Uranga, Kikunya, Msala na mingine. Ukiwa ndani ya mashua, delta haionekani yote kwa pamoja. Unaona ukuta wa kijani kushoto na ukuta wa kijani kulia, mbele kona, na baada ya kona ukuta tena. Mjomba alinifundisha kuutofautisha. Mkoko wenyewe unasimama juu ya mizizi iliyopinda. Mchu unachomoza vidole vya kupumulia kutoka kwenye matope. Mkomafi una tunda zito la duara, na msinzi umenyooka, nao ulikatwa kwa boriti. Boriti hizo zilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, zikapakiwa majahazini na kuvushwa kwa upepo wa kusi hadi Arabuni na Ghuba, ambako nyumba za mawe ziliezekwa kwa miti ya Rufiji. Upana wa vyumba vya nyumba nyingi za zamani za pwani, hata huko Lamu na Zanzibar, uliamuliwa na urefu wa boriti.

Kijiji kati ya mikoko

Tulifika kijijini jua likianza kupungua ukali. Nyumba ni za miti na udongo, chache za matofali, na nyuma yake mashamba ya mpunga yamesogea hadi kwenye mikoko. Mavuno yalikuwa yanamalizika. Madungu bado yalikuwa yamesimama, vibanda juu ya nguzo ndefu ambamo familia huishi miezi ya ulinzi, ikiwinga ndege mchana na nguruwe usiku. Mama mwenyeji, dada wa mjomba, alinipandisha kwenye dungu lake kwa ngazi ya miti. Juu kulikuwa na mkeka, mafiga ya kupikia yaliyowekwa juu ya udongo ili moto usile sakafu, na kamba ndefu iliyofungwa makopo hadi katikati ya shamba. Ukiivuta, makopo yanalia na ndege wanaruka.

"Watoto wangu wote wamejifunza ngoma hapa," akaniambia. Nilidhani ni maneno ya kufurahisha mgeni. Akaanza kuivuta ile kamba kwa mpigo, mara mbili haraka na mara moja polepole, akaimba, na kutoka dungu la jirani, mbali kabisa, mwanamke mwingine akaitikia kwa makopo yake. Wakaendelea hivyo muda mrefu. Ndege walikuwa wamekwisha kwenda zao.

Usiku tulikula wali wa mchele mpya, ule unaonata kidogo na kunukia hata bila viungo, kwa mchuzi wa kamba uliotiwa nazi ya kwanza mwishoni kabisa, na kisamvu. Baada ya Isha, vijana wa madrasa walipiga dufu wakijiandaa kwa maulidi. Wazee walikaa pembeni wakiwarekebisha: yule anakimbilia, yule anachelewa. Hapakuwa na mtazamaji. Kila aliyekuwapo alikuwa na sehemu yake, hata mimi niliyepewa kazi ya kupokezana mtungi wa maji.

Nisingependa kuandika juu ya delta hii bila kutaja meli ya Königsberg, kwa kuwa kila mgeni anaulizia hiyo kwanza. Manowari hiyo ya Wajerumani iliizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, halafu ikajificha humu mikokoni. Waingereza waliizingira kwa miezi, wakaitafuta kwa ndege, na Julai 1915 wakaleta meli mbili zisizohitaji maji ya kina, Severn na Mersey, zikaipiga hadi Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake kumi ilitolewa ikaburutwa nchi kavu kuendelea na vita. Mmoja unaonekana leo Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria. Mjomba alinionyesha mkono wa mto ilikokuwa, na kusema kweli hakuna cha kuona ila maji.

Mimi ninavutwa zaidi na kilichofuata. Walioburuta mizinga na kubeba mizigo ya vita vile, kwa pande zote mbili, walikuwa Waafrika kwa maelfu mengi. Waliobaki hai walirudi makwao na ngoma ya beni, iliyokuwa imezaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na sasa ikasambaa kila walikopita askari na wapagazi. Watawala waliona magwaride, vyeo vya kifalme na matarumbeta, wakaingiwa na wasiwasi. Ndani yake vyama vya beni, Marini na Arinoti, vilikuwa na daftari la michango. Mwanachama akifa alizikwa na wenzake. Akiugua aliangaliwa, na akifika mji mgeni alikuwa na mahali pa kulala. Ngoma ndiyo iliyowaita watu, na mchango ndio uliowaweka pamoja. Nilikuwa na wazo hilo kichwani tulipogeuza mashua kurudi Nyamisati, na lilinifaa sana Jumamosi.

Kibiti

Mkutano wa kugawana hisa ulifanyika chini ya miembe miwili nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya matawi, viti vya plastiki vimepangwa duara, na pembeni masufuria matatu ya pilau yalikuwa juu ya mafiga, mawili ya nyama na moja la samaki kwa wasiokula nyama. Akina baba wa kupika walikuwa wamevua mashati. Kwao pilau la watu wengi ni kazi ya wanaume, na hawakubali mwanamke aguse mwiko kabla halijapaliwa makaa juu.

Wenye kikundi ni wachuuzi wa samaki, wakulima wa korosho na ufuta, fundi cherehani, walimu wawili, dereva wa bodaboda na wajane kadhaa. Kila wiki wananunua hisa. Kila wiki wanatoa pia kiasi kidogo kisichorudi, cha mfuko wa jamii, kwa ajili ya msiba, ugonjwa na ajali. Kabla ya chakula wakaleta sanduku. Ni la chuma, limepakwa rangi ya buluu iliyoanza kubanduka kwenye kona, na lina kufuli tatu. Washika funguo watatu hukaa mitaa tofauti kwa makusudi. Mmoja baada ya mwingine alisimama, akafungua yake, akarudi kukaa bila kusema neno, na mwekahazina akainua kifuniko. Watu wote wakanyamaza. Fedha zikahesabiwa kwa sauti, mara mbili, na kila mtu akiwa na kijitabu chake mkononi, mihuri ikilinganishwa na daftari kuu. Mjane mmoja alikuwa na mtoto wa darasa la tano wa kumsomea. Mtoto alikuwa makini kuliko sisi wote.

Risala ilisomwa. Nilishukuru kwamba haikuwa ndefu na haikuomba kitu. Ilieleza tu jinsi mfuko wa jamii ulivyotumika, na sehemu kubwa ilikuwa ya mafuriko ya Aprili 2024, Rufiji ilipofurika na maji kuingia vijijini na mashambani katika wilaya za Kibiti na Rufiji. Wanachama waliokuwa na ndugu deltani na bondeni walikuwa wamekubaliana kusimamisha mikopo na kupeleka unga, maharage na maturubai. Ilitaja pia mwaka 2017, mwaka wa mauaji yaliyozitikisa Kibiti, Mkuranga na Rufiji, pikipiki zilipopigwa marufuku kutembea usiku na watu wakawa wanajifungia mapema. Ngoma za usiku zilikoma. Harusi zikafanywa mchana, harakaharaka. Mwandishi wa risala aliandika kwamba kikundi hakikuacha kukutana hata wiki moja, ila saa ya kukutana tu ndiyo ilirudishwa nyuma. Akina mama walitikisa vichwa taratibu waliposikia hayo.

Ndipo mwenyekiti akamkaribisha mgeni rasmi. Wote wanamwita Mzee wa Besi, nami nitamwita hivyo. Ni mrefu, mwembamba, amevaa kanzu na koti, na kofia ya kitambaa iliyofumwa vizuri. Aliposimama alishika kiti kwa mkono wa kushoto, nikaona ncha za vidole vyake vinne zimekuwa ngumu na nyeupe kwa nyuzi za miaka yote hiyo.

Alianza kwao. Alizaliwa bondeni, kwenye mashamba ya mlau, ambayo hulimwa maji ya mafuriko yakishuka na kuacha tope jipya. Katika Operesheni Rufiji ya miaka ya 1968 na 1969 familia yao ilihamishwa pamoja na nyingine nyingi kwenda Ikwiriri, mahali pa juu. Baba yake aliendelea kutembea kwenda kulima bondeni. Yeye alipokua akapanda lori kwenda Dar es Salaam.

Halafu akaeleza okestra ni nini, na hapo nilifurahi kuwa nilifika. Hakuanza na nyimbo wala majina makubwa. Alianza na kazi ya kila mmoja. Solo anasema, ridhimu anamwekea njia, tumba na dramu wanashika saa, tarumbeta na saksafoni wanajibizana na waimbaji, na wimbo ukifika kwenye chemko kila mmoja anaongeza moto bila kumkanyaga mwenzake. "Na besi?" akauliza dereva wa bodaboda. Mzee akawageukia waliotoka delta. "Ninyi mna mashua. Besi ni farumi. Abiria haioni, wala hailipii nauli, lakini itoe uone chombo kitakavyolala ubavu." Wakacheka kwa kuelewa.

Aliwakumbusha kwamba muziki wa dansi nchini ulianza na vyama, si na wafanyabiashara. Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu miaka ya 1930. Baadaye zikaja Kilwa Jazz, Western Jazz na nyingine nyingi zilizobeba majina ya walikotoka watu wake, na mtu mgeni mjini alijua akienda kwenye dansi lao atasikia lugha ya kwao. Baada ya Uhuru mashirika ya umma yakachukua jukumu: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, ambayo baada ya kubadili majina ndiyo Msondo Ngoma ya leo, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima, Vijana Jazz, Polisi Jazz, bendi za jeshi. DDC wakaichukua Mlimani Park, ndiyo Sikinde. Mwanamuziki akawa mwajiriwa mwenye mshahara na matibabu. Radio Tanzania ikawarekodi na nchi nzima ikawasikia. Bendi mbili kubwa zilijitambulisha kwa majina ya ngoma za kwetu za Pwani, Msondo na Sikinde, na mzee alilisema hilo kwa fahari iliyomfanya anyooke mgongo.

"Lakini gitaa halikuwa langu," akasema. Alinyamaza kidogo. "Nililipiga miaka na miaka. Shirika lilipouzwa, vyombo vikafungiwa ghalani. Nikaenda kuomba nikatoe nyuzi zangu tu, nilizonunua mwenyewe. Mlinzi akaniambia hana ruhusa."

Akawapa mfano wa wengine waliofanya tofauti. Orchestra Maquis, waliotoka Zaire na kuweka makazi Dar es Salaam katika miaka ya 1970, walianzisha kampuni yao, OMACO, na wanamuziki wenyewe wakawa na hisa. "Hisa," akarudia, akionyesha kijitabu cha mama aliyekaa mbele. "Kitu hikihiki mlicho nacho mkononi."

Niongeze langu hapa, kwa kuwa liliniingia kichwani palepale. Mwaka 1905 huko Chicago, Marekani, wakili Paul Harris na wenzake walianza kukutana kwa zamu ofisini kwa kila mmoja, na ndivyo ilivyozaliwa Rotary, ambayo mikutano yake ya chakula cha mchana na mzungumzaji mwalikwa imeenea duniani kote, hadi Dar es Salaam na Nairobi. Mwaka huohuo wa 1905 vijana wa Zanzibar waliunda Ikhwani Safaa, chama cha taarabu ambacho hadi leo kipo, na jina lake ni la udugu kabla ya kuwa la muziki. Wazanzibari hao hawakusubiri kufundishwa na mtu jinsi ya kukaa meza moja, kuchanga na kusikilizana. Kikundi cha Kibiti ni cha ukoo huo, na kinastahili heshima ileile inayopewa klabu zenye bendera na nishani.

Pilau likapakuliwa kwenye sinia, watu wanne wanne, na kachumbari ya nyanya na ndimu. Pilipili ilikuwa mbuzi. Mazungumzo yakahamia kwenye sinia, na humo ndimo ulimotokea mjadala wenyewe, kwa sababu mzee alikuwa amewaacha na ombi: mzunguko mpya ukianza, waanzishe hisa za vyombo vya muziki.

Mama muuza samaki aliyekuwa kwenye sinia letu hakulipenda. "Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini cherehani inazaa, kuku anazaa. Gitaa linazaa nini? Mwaka wa maji nilihitaji turubai, sikuhitaji wimbo." Hakusema kwa ukali, na hakuna aliyemkatiza. Mwalimu mmoja akajibu kwamba harusi za Kibiti sasa zinakodi muziki wa spika kutoka mjini, na fedha zote zinapanda basi kurudi Dar es Salaam. Mjane mwenye mtoto wa darasa la tano akasema lake: baada ya 2017 mtaa wao ulikaa kimya muda mrefu, na siku ngoma iliporudi ndipo alipojua kwamba hofu imekwisha. Hilo, akasema, yeye angelilipia.

Nilikuwa upande wa mjane. Bado niko. Ila mama wa samaki naye alipata alichotaka, na nadhani kwa haki: mfuko wa jamii hautaguswa kabisa. Wanaotaka wataweka hisa za muziki kwenye daftari la pembeni, na vyombo vikinunuliwa vitakodishwa harusini na kwenye shughuli, faida igawanywe kama nyingine. Mwekahazina alipitisha daftari palepale kabla watu hawajanawa mikono.

Mohoro na Ikwiriri

Mzee wa Besi anaishi Ikwiriri, na asubuhi ya Jumapili alinichukua tukawasalimie ndugu zake ng'ambo ya mto. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003, linavuka Rufiji kwa mita 970, na tulilipita kwa muda wa kumaliza sentensi mbili. Kabla yake kulikuwa na kivuko cha Ndundu. Alinisimulia jinsi bendi zilivyokwama hapo msimu wa mvua zikielekea kusini kwenye ziara, vyombo vimefunikwa juu ya lori, na wanamuziki wakipigia foleni nzima ili wapate chakula. "Tulilipwa kwa mihogo na samaki. Sikumbuki njaa."

Mto ulikuwa mpana na mtulivu. Juu kabisa, kwenye bwawa la Julius Nyerere, mitambo yenye uwezo wa megawati 2,115 ilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, na watu wa bondeni wanauangalia mto kwa macho mapya, wakijiuliza mafuriko ya mlau yatakuja lini na kwa kiasi gani. Kwa mkulima hilo ni swali la chakula, na anastahili kupewa taarifa mapema kila msimu.

Mohoro ina minazi mirefu na kumbukumbu nzito. Hapa, Agosti 1905, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyekuwa amegawa maji na kuwaambia watu wa makabila mbalimbali kwamba wao ni wamoja. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha kuanza, na kifo chake hakikuvizuia. Ndugu wa mzee walitupokea kwa madafu, wakatuonyesha alama ya tope ukutani, juu ya kiuno changu, ilipofika maji ya 2024. Chumba kimoja kilikuwa kimejengwa upya kwa tofali za kuchoma. Tulikaa nao hadi Adhuhuri, wakazungumza habari za mbegu na za mtoto aliyefaulu, na mzee akawaachia bahasha.

Jioni tulirudi Ikwiriri. Nyuma ya duka la simu kuna kijana anayetengeneza mapigo ya singeli kwenye kompyuta ya zamani yenye kioo kilichopasuka pembeni. Mzee humtembelea mara kwa mara. Safari hii alikuja na gitaa la besi la kuazima, lenye nyuzi tatu badala ya nne, akakaa kwenye kreti la soda, akamwomba kijana apige alichonacho. Ulitoka mpigo wa kasi sana. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akatafuta noti, akaipata, akaacha mipigo mingi ipite na kugusa uzi mahali pachache tu.

"Unaniachia nafasi kubwa hivyo, babu?" kijana akauliza.

"Nafasi ni ya mwimbaji. Nani ataimba?"

Kijana akamtaja dada yake. Akatumwa mtoto kumwita, na huku wakimsubiri wakarudia tangu mwanzo, mzee akimtaka apunguze kasi kidogo, kijana akikataa, wakisogea nusu kwa nusu hadi wakakutana.